Mohamed Ali, siye yule

Sauti iliita dirishani, "Mohamed Ali!" Tukainuka wawili.

Mimi nilikuwa karibu na mlango, kikaratasi cha maabara mkononi. Mwenzangu alikuwa benchi la nyuma kabisa, mzee wa miaka 70 na ushei, kofia imemlalia upande, fimbo anaitafuta chini kwa mguu. Nilimtangulia kufika kwa sababu ya magoti tu. Nesi akafungua faili na kuanza kusoma bila kuniangalia. "Sukari imeshuka vizuri, mzee wangu, ila hii presha bado hatujaelewana nayo." Nina miaka 35. Nilikuwa nimepeleka kikohozi.

Mzee alipofika nikamwamkia, shikamoo. "Marahaba, wajina," akaitikia, kama vile tumejuana tangu zamani, kisha akakichukua kikaratasi changu akakisogeza karibu na macho. Jina lilikuwa lile lile, herufi kwa herufi. Namba ndizo zilizotofautiana, pamoja na mwaka wa kuzaliwa, ambao hakuna aliyekuwa amehangaika kuutazama. Nesi akaziweka faili mbili mezani sambamba, akashika kiuno.

Ukweli ni kwamba mimi si Mohamed Ali. Mimi ni Ali, na Mohamed ni marehemu baba. Lakini kila fomu inayotaka jina la ukoo litangulie hunipindua, na nikishapinduliwa, anayesoma hukunja ngumi na kurusha makonde mawili matatu hewani. Nimerushiwa na makarani, na madereva, na daktari wa meno akiwa na koleo mkononi. Mzee aliniambia yeye amerushiwa tangu mwaka 1964.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya habari za watu mashuhuri waliochangia jina, na benchi lile limenifanya hatimaye niziandike. Orodha za aina hii zipo tele, na nyingi zinanichosha kwa sababu zinakomea kwenye mshangao: ajabu, hawa wawili waliitwa sawa! Ajabu iko wapi? Watu ni wengi, majina ni machache. Ninachotaka kujua mimi ni kilichotokea baada ya hapo. Nani alimezwa na mwenzake, nani alitenganishwa naye, na aliyewatenganisha alitumia kisu gani.

Nianze na bondia Muhammad Ali, maana bila yeye nisingekunjiwa ngumi.

Alizaliwa Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, tarehe 17 Januari 1942, akapewa jina la baba yake: Cassius Marcellus Clay. Baba naye alikuwa amepewa la mzungu wa jimbo hilo hilo, aliyezaliwa 1810 katika nyumba ya tajiri mwenye watumwa na mashamba. Huyo Clay wa kwanza alikwenda kusoma Yale, akamsikia William Lloyd Garrison akihutubia dhidi ya utumwa, akarudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Mwaka 1844 aliwaacha huru watumwa wake mwenyewe. Mwaka uliofuata akafungua gazeti la kupinga utumwa mjini Lexington, katikati ya watu waliokuwa wakiishi kwa jasho la watumwa, na kwa kuwa aliwajua majirani zake, akaweka ofisini mizinga miwili midogo. Mizinga kweli, ya baruti. Haikumfaa kitu. Akiwa kitandani na homa, wakubwa wa mji waliingia, wakaufungasha mtambo wake wa kuchapia na kuusafirisha hadi Cincinnati, ng'ambo ya mto. Akaendelea kuchapa kutokea huko. Baadaye Lincoln akampeleka Urusi kuwa balozi.

Kwa hiyo jina ambalo bondia alilitupa mwaka 1964, akisema ni jina la utumwa, lilikuwa la adui wa utumwa. Wapo wanaolifurahia hilo mno, kana kwamba wamemnasa Ali kwa kosa la historia. Mimi silioni kosa. Clay yule alikuwa mtu jasiri, sawa, lakini ukoo ule uliwamiliki watu, na jina kuwa la mtu mwema hakulifanyi liwe lako. Aliyempenda ndiye aliyelichagua, na aliyelibeba ana haki ya kulitua.

Shida ni kwamba wengine hawakukubali alitue. Alimpiga bingwa wa dunia Sonny Liston tarehe 25 Februari 1964, na siku chache baadaye kiongozi wake wa dini, Elijah Muhammad, akamtangazia jina jipya, lakini magazeti mengi yaliendelea kuandika Clay kwa miaka. Mpinzani wake Ernie Terrell naye akamwita Clay kabla ya pambano lao la Houston, la tarehe 6 Februari 1967. Pambano lile lilikwenda raundi zote 15. Jicho la Terrell limevimba, amerudi kwenye kamba, na Ali anampiga huku akimuuliza: jina langu nani? Konde. Jina langu nani? Konde jingine. Nimeitazama filamu ile mara mbili tu na sina hamu ya mara ya tatu. Jibu la swali lile ni jina langu, na sipendi kulisikia likitafutwa kwenye uso wa mtu.

Jina jipya nalo lilikuwa na wenyewe. Muhammad Ali mwingine alizaliwa Kavala, mji ambao leo uko Ugiriki, akafika Misri akiwa askari wa Waturuki na kuitawala kuanzia 1805 hadi 1848. Machi 1811 aliwaalika wakuu wa Mamluki, watawala wa zamani wa nchi ile, kwenye sherehe ndani ya ngome ya Cairo. Walipokuwa wakitoka kwa njia nyembamba iliyobanwa na kuta, lango likafungwa mbele yao na bunduki zikaanza kulia juu. Muhammad Ali mwingine tena alikuwa wakili mzaliwa wa Karachi, mwembamba, mtanashati, aliyeiona Pakistan ikizaliwa Agosti 1947 na kufariki Septemba mwaka uliofuata. Bondia alitoka kwenye foleni moja akaingia nyingine ndefu zaidi.

Wala hakuna anayewachanganya hawa watatu. Mmoja ana mkia wa Pasha, mmoja ana mkia wa Jinnah. Bondia peke yake ndiye anayetembea bila mkia, na nadhani hicho ni kipimo kizuri cha umaarufu kuliko sanamu: katika wote wa jina lako, ni wewe usiyehitaji kuongezewa neno. (Mtu wa Cairo au wa Karachi anaweza kunibishia hapa, na nitamsikiliza.)

Kupinduliwa kwa jina, ugonjwa wangu mimi, kuna watu waliokwisha kuutafutia dawa karne nyingi zilizopita. Yupo Anas bin Malik, sahaba aliyemtumikia Mtume tangu akiwa mtoto. Yupo pia Malik bin Anas, imamu wa Madina aliyefariki 795, ambaye madhehebu ya Maliki yanaitwa kwa jina lake. Msikilizaji wa haraka humfanya huyu kuwa mtoto wa yule. Mtego wenyewe ni mbaya zaidi ya hapo, kwa sababu baba yake Imamu Malik aliitwa kweli Anas bin Malik! Ila ni Anas mwingine, wa ukoo wenye asili ya Yemen, wakati sahaba alikuwa wa kabila la Khazraj wa Madina.

Kwa wanazuoni wa hadithi hili halikuwa jambo la kuchekea benchini. Hadithi husimama kwa mlolongo wa wasimulizi, na ukikosea mmoja, umemkabidhi mtu asiyeaminika maneno ya mtu anayeaminika, au kinyume chake. Wakati mmoja mji wa Basra ulikuwa na Hammad wawili, Hammad bin Salama na Hammad bin Zayd, waliosoma kwa walimu wengi wale wale na kufundisha wanafunzi wengi wale wale. Walikuwapo pia Sufyan wawili: Thawri wa mji wa Kufa, aliyefariki 778, na Ibn Uyayna wa Makka, aliyefariki miaka thelathini na kitu baadaye. Sasa msimulizi anasema tu, "Hammad alinisimulia." Hammad yupi? Wanazuoni walimwangalia anayesema. Akiwa ni Affan, basi anamkusudia Ibn Salama. Akiwa ni Sulayman bin Harb, basi ni Ibn Zayd. Kila mwanafunzi alikuwa na mwalimu wake mmoja ambaye kwake hakuhitaji mkia, kama vile nyumbani ukisema "mama" hakuna anayeuliza mama yupi.

Kazi hiyo ilikua ikawa tawi zima la elimu. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki 1071, aliwaandikia kitabu kizima watu wanaokutana kwa majina na kuachana kwa nafsi. Khalil bin Ahmad peke yao wanahesabiwa sita, wa kwanza wao akiwa yule wa Basra aliyepanga bahari za mashairi ya Kiarabu. Nikiwaza mtu anakaa chini ya taa ya mafuta akiwatenga Khalil sita, mmoja mmoja, ili asiwepo atakayebebeshwa maneno ya mwenzake, naona nesi wetu tungempa mafunzo ya wiki mbili tu kwa watu wale, mambo yangenyooka.

Kisu kidogo kuliko vyote nilivyowahi kukutana navyo kiko katika Injili ya Yohana, sura ya 14, aya ya 22. Ni jioni ya mwisho, msaliti ameshatoka kwenda gizani, na mwanafunzi mmoja anauliza swali. Anaitwa Yuda. Mwandishi hawezi kumwacha hivyo hivyo, maana msomaji ataruka kitini. Anasimamisha simulizi na kuingiza maneno mawili: siye Iskariote. Halafu anaendelea. Mathayo na Marko wao wana Thadayo mahali pa mtu huyo, kwa hiyo wamelikwepa tatizo kabisa. Namwonea huruma Yuda wa pili. Swali lake lilikuwa zuri, lakini anachokumbukwa nacho zaidi ni mtu ambaye hakuwa yeye.

Maria wa Magdala hakupata hata hayo maneno mawili. Injili ya Luka inasema alitolewa pepo saba na kwamba alikuwa miongoni mwa wanawake waliomfuata Yesu. Zote nne zinamweka kaburini asubuhi ya ufufuo. Hakuna mstari unaosema alikuwa kahaba. Mwaka 591 Papa Gregori wa Kwanza, katika mahubiri mjini Roma, alimfunga fungu moja na Maria wa Bethania na yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka sura ya saba, ambaye hata jina hakutajwa. Watatu wakawa mmoja. Kuanzia hapo wachoraji wa Ulaya wakamchora akilia, nywele zimemwagika, kichupa cha marhamu pembeni, akitubia dhambi ya mwanamke asiyemjua. Kanisa Katoliki lilirekebisha kalenda yake mwaka 1969 na kuwatenganisha. Kati ya kosa na marekebisho ni karne karibu 14. Faili langu lilirekebishwa kwa dakika kumi na mbili, nami nilikuwa nimeshaanza kununa.

Mfano wa kuchekesha nao upo. Mwaka 1899 kijana mmoja wa Uingereza, Winston Churchill, aliyekuwa anaanza kuandika vitabu, aligundua kwamba watu wanampongeza kwa riwaya ambazo si zake. Zilikuwa za Winston Churchill wa Marekani, mzaliwa wa St. Louis, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa na jina kubwa. Mwingereza akaandika barua ya adabu, Bwana Winston Churchill akimsalimu Bwana Winston Churchill, akaahidi kwamba kuanzia sasa vitabu vyake vitakuwa na jina Winston Spencer Churchill. Mmarekani akajibu kwamba naye angeongeza jina kama angekuwa nalo. Waliwahi kukutana Boston mwaka 1900. Mwandishi yule wa riwaya alifariki 1947, na leo yeye ndiye mwenye mkia: Churchill, yule mwingine, wa Marekani. Foleni iligeuka akiwa bado ndani yake.

Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alizungukwa na Thomas wanne: Wolsey, More, Cromwell, Cranmer. More na Cromwell walikatwa vichwa kwa amri yake, 1535 na 1540. Wolsey alikuwa ameshafariki 1530, njiani, akipelekwa London kujibu shtaka la uhaini. Cranmer aliishi kumpita mfalme wake, akaja kuchomwa moto Oxford mwaka 1556, enzi ya Mary, binti wa mfalme huyo. Kwenye hao jina halikusababisha lolote. Nawataja kwa sababu nilifeli mtihani mmoja kwa ajili yao, nilipompa Cromwell kifo cha Cranmer.

Lipo jina lililosababisha kifo, na hadithi yake ndiyo iliyonishika tangu nikiwa kidato cha tatu. Machi mwaka wa 44 kabla ya Kristo, Julius Caesar ameuawa, na mwili wake unachomwa katikati ya Roma. Mshairi mmoja aliyeitwa Helvius Cinna, rafiki wa marehemu, yuko nyumbani na homa. Plutarch, mwandishi wa kale, anasimulia kwamba usiku uliotangulia aliota Caesar anamwalika chakula, yeye anakataa, na Caesar anamvuta kwa mkono. Ndoto imemkaa vibaya, mwili unamchemka, lakini aliposikia wanamchoma rafiki yake akaona aibu kubaki kitandani, akatoka kwenda kumuaga. Kwenye umati mtu akamwona na kuuliza, huyu nani? Akaambiwa jina. Aliyeambiwa akamwambia wa pembeni, wa pembeni akampa mwenzake, na jina likatembea kichwa hadi kichwa kumzidi mwenyewe mwendo. Ilikuwa kwamba Cornelius Cinna, mtu mwingine kabisa, shemeji wa Caesar, alikuwa ametoa hotuba kali dhidi ya marehemu. Kabla mshairi hajajua kwamba habari zake zimefika mbele yake, alikuwa ameshauawa. Suetonius, mwandishi mwingine wa kale, anasema kichwa chake walikitungika kwenye mkuki wakakitembeza mitaani.

Nilikutana na tukio hilo kwa Kiswahili kwanza, kwa mkono wa Julius mwingine. Mwalimu Nyerere alizaliwa mwaka 1922 akaitwa Kambarage, na kubatizwa Julius mwezi Desemba 1943. Miaka ishirini baadaye, akiwa rais, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mwenye jina. Mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuipitia, na safari hii jaladani ikasomeka Juliasi Kaizari. Alilivisha jina la Mrumi nguo za Kiswahili kuanzia kichwani hadi miguuni. Lake mwenyewe aliendelea kuliandika Julius. Sijawahi kumsikia mtu akilizungumzia hilo, na mimi napenda kulifikiria: mtu anamtafsiri wajina wake na kujiacha yeye bila tafsiri.

Katika tamthilia hiyo, Cinna anapiga kelele kwamba yeye ni mshairi, si yule mla njama. Mmoja wa umati anasema basi auawe kwa mashairi yake mabaya. Darasa zima lilicheka hapo, nami nilicheka. Kisha anatokea mwingine anayesema haidhuru, jina lake ni Cinna, ling'oeni jina moyoni mwake mumwache aende zake. Kicheko kilikatika chenyewe, mwalimu hakulazimika kugonga meza.

Nilirudi kwa nesi yule mwezi uliofuata, kikohozi kimegoma kuondoka. Faili langu lilikuwa limeandikwa juu kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: SIYE MZEE. Nikamuuliza la mwenzangu limeandikwaje. Akalivuta kutoka rafu ya chini na kuligeuza nilione jalada. BONDIA.

"Kataka mwenyewe," akasema. "Kasema bila hivyo hatoki hapa."

Nikamuuliza presha ya wajina wangu inaendeleaje.

"Hizo," akajibu, akilirudisha faili mahali pake, "ni siri za mgonjwa."